Shangazi, niende chuo cha $75 au cha $98?

Shangazi shikamoo. Naomba unisaidie maana nimepiga hesabu mpaka kichwa kinauma na kila mtu ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Mimi ni mama wa watoto wawili, tuko Texas mwezi wa 14 sasa, tulikuja kwa ile bahati nasibu ya grinkadi kutoka Tanzania. Nyumbani nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nina vyeti vya fomu foo na fomu siksi na stashahada ya ualimu. Huku nafanya CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, kwenye nyumba ya wazee, shifti ya usiku, $18 kwa saa, nilianza kazi mwezi wa pili tu baada ya kufika. Mume wangu anaendesha lori, muda mwingi yuko barabarani. Ninachotaka ni kusomea unesi, niwe RN, nesi kamili mwenye leseni, maana kazi ya kunyanyua wagonjwa mgongo wangu hautaiweza miaka kumi.

Watu wameniambia nianzie komyuniti koleji, vile vyuo vya umma vya miaka miwili, kwa sababu ni bei rahisi, sasa hapo ndo nilipokwama. Nimekaa na simu yangu wiki nzima nikilinganisha nikabaki na vyuo vitatu. Cha kwanza kiko kaunti ya jirani, kwa wakazi wa kaunti yao ni $75 kwa krediti moja (kile kipimo cha uzito wa somo ambacho huku unalipia) na vitabu vimo humohumo kwenye ada, ila mtu wa kaunti nyingine analipa $140. Kutoka kwangu ni maili 38. Cha pili ndo cha kaunti yetu, dakika kumi tu kutoka nyumbani, hicho ni $98 kwa krediti, ila kuna ada nyingine nyingine $180 kila semista na vitabu unajinunulia, mwanafunzi mmoja aliniambia niweke kama $400. Cha tatu ni chuo binafsi cha unesi, $36,500 mpaka umalize, miaka miwili, hawana habari ya kushindania nafasi, ukilipa unaanza mwezi ujao. Hao wananipigia simu kila siku Shangazi, hata nikiwa nimelala mchana kwa ajili ya shifti, mtu wa usajili ananiita "my dear" na kuniambia mikopo watanishughulikia wao.

Mume wangu anataka cha tatu. Anasema ngoja ngoja yaumiza matumbo, mke wa rafiki yake alisoma hukohuko na sasa ana kazi. Kaka yangu mtoto wa baba mdogo yeye anakaa kule kaunti ya jirani, anasema niandike anuani yake nilipe hiyo $75, kila mtu anafanya hivyo. Mimi roho inasita lakini $75 na $140 ni kama nusu kwa nusu jamani. Na kuna dada kanisani ameniambia eti ukiwa na grinkadi serikali inakulipia kila kitu, sijui kama ni kweli maana mwingine alishaniambia hatujafikisha miaka mitano.

Nifanyeje Shangazi? Kipi ndo rahisi kweli?

Mama Wawili, Texas

*

Marahaba mwanangu, na pole na usingizi wa mchana, naujua, mimi mwenyewe nilifanya CNA usiku miaka minne nikiwa nasoma mchana, kuna siku nimeamka nimelalia kikokotoo.

Nianze na hilo la dada wa kanisani kwa sababu ndo linabadilisha hesabu yote. Miaka mitano haihusiani na shule kabisa, watu wanachanganya na mambo mengine. Mwenye grinkadi anaruhusiwa kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu kuanzia siku anayoishika mkononi. Fomu inaitwa FAFSA, inajazwa bure kwenye studentaid.gov, mtu akikudai hela kukujazia mkimbie. Kinachotoka humo cha kwanza kabisa ni Pell Grant, huo sio mkopo, hurudishi, na kiwango cha juu kwa mwaka wa masomo 2025-26 ni $7,395. Sasa sio "kila kitu" kama alivyosema dada, na sio kila mtu anapata hiyo yote, inategemea kipato na ukubwa wa familia, lakini sikiliza hili: FAFSA haiangalii mshahara wa sasa, inaangalia kipato cha miaka miwili nyuma. Kwa hiyo fomu ya 2025-26 inauliza mlichopata 2023. Nyie miaka miwili nyuma mlikuwa wapi? Mlikuwa Tanzania na mshahara wa ualimu. Hicho kipato unakibadilisha kuwa dola na unakiandika, usikiache wazi na usiongope, halafu chuo kinaweza kukuita kuthibitisha, so tafuta salary slip za kule kama unazo. Watu wengi waliokuja juzijuzi wanaacha hii hela mezani kwa sababu wanadhani hawajakaa vya kutosha.

Haya tuje kwenye bei. Kosa ulilofanya (na sio kosa lako, ndo wanavyotangaza) ni kulinganisha krediti moja na krediti moja, wakati wewe hununui krediti, unanunua leseni ya unesi. Nimekaa juzi mezani jikoni na bahasha ya bili ya umeme nikapiga hesabu yako kwa nyuma yake, tuchukue semista moja ya krediti 12.

Chuo cha jirani, ukilipa kihalali kama mtu wa nje ya kaunti: $140 mara 12, $1,680, vitabu vimo. Chuo cha kwenu: $98 mara 12 ni $1,176, ongeza ada zao $180, ongeza vitabu $400, unapata $1,756. Umeona? Kile cha $140 kimekuwa rahisi kwa $76, mtu angesimama hapo angekuambia nenda kwa jirani. Ila hujafika darasani bado. Maili 38 kwenda na 38 kurudi ni 76, ukienda siku tatu kwa wiki kwa wiki 16 ni safari 48, maili 3,648. Gari inayokula galoni moja kwa maili 25 itataka galoni kama 146, weka $3 galoni, ni $438 ya mafuta peke yake, sijataja oili wala matairi. Na kama njia ni dakika 50 kila upande basi semista nzima umekaa ndani ya gari saa 80. Saa 80 kwa $18 ni $1,440. Sawa, sio zote ungekuwa kazini, lakini hata kama nusu yake ungelala tu, kwa mtu wa shifti ya usiku kulala ni hela, utaniambia siku utakayosinzia kwenye haiwei.

Kwa hiyo kati ya hivyo viwili cha kwenu ndo rahisi, na hapo bado sijaanza kuipunguza hiyo $1,756.

Lakini ukisema mbona kaunti ya jirani wanawatoza wenzao $75, ndo mfumo wa hivi vyuo ulivyo Texas. Chuo cha jamii kinachangiwa na kodi ya nyumba na ardhi ya watu wa eneo lake, kwa hiyo mkazi anahesabiwa ameshalipa sehemu, wa nje analipa zaidi, na anayetoka jimbo lingine zaidi tena. Mfano Dallas College, mwaka 2020 walikuwa na $79 kwa mkazi wa kaunti, $135 kwa mtu wa kaunti nyingine ya Texas na $200 kwa wa nje ya jimbo, chuo kilekile, kiti kilekile. California wao wameamua bei moja kwa wakazi wa jimbo zima, $46 kwa krediti tangu 2012, ndo maana ndugu zako wa Los Angeles wakikutajia bei unaona kama unaibiwa. Huibiwi. Wastani wa nchi nzima kwa vyuo vya miaka miwili vya umma, kwa mkazi wa eneo, mwaka wa masomo 2024-25 ulikuwa $4,050 kwa mwaka, na vyuo vikuu vya umma vya miaka minne $11,610, hayo ni mahesabu ya College Board. Wewe $98 mara krediti 24 za mwaka na zile ada zao haifiki hata $2,800.

Sasa anuani ya kaka. Mwanangu, hapana. Na sikwambii hapana kwa ajili ya dhambi, nakwambia kwa sababu haifanyi kazi. Chuo kitakuomba ushahidi, mkataba wa nyumba, leseni ya udereva, bili, karatasi za mshahara, vyote vina anuani yako. Kwenye FAFSA utaandika ipi? Ukiandika yako zitapingana, ukiandika ya kaka umedanganya kwenye fomu ya serikali kuu, na pale unaposaini wamekuandikia wazi kwamba taarifa za uongo za makusudi ni faini mpaka $20,000, au jela, au vyote viwili. Mtu anayesubiri kuja kuomba uraia anaingiaje humo kwa ajili ya $65 ya krediti? Na hata wakikugundua bila kukushtaki watakubadilishia bei na kukudai tofauti ya semista zote zilizopita kwa mpigo, bili ikiwa haijalipwa hawakusajili semista inayofuata. "Kila mtu anafanya" ni kwa vile walioshikwa hawaji kukuhadithia.

Ila kuna tarehe moja ya ukazi ambayo inakuhusu kwelikweli. Ili uhesabiwe mkazi wa Texas wanataka miezi 12 ya kuishi kabla ya siku ile ya kuhesabu wanafunzi ya semista, na uonyeshe kwamba umeweka makazi, sio unapita. Wewe una miezi 14 na kazi ya miezi 12. Peleka karatasi za mshahara kuanzia ile ya kwanza kabisa pamoja na mkataba wa nyumba, usipeleke za miezi miwili ya mwisho kama wengi wanavyofanya. Ukikosea hapo wanakuweka bei ya mtu wa nje ya jimbo na kubadilishiwa inakuwa safari ya kupanda ngazi na kushuka.

Tuje kwa shemeji na chuo chake cha $36,500. Kwanza nampa haki yake, anachoogopa ni cha kweli, ntakifikia. Lakini angalia hii. Gawanya kwa semista nne, ni $9,125 kila semista. Tuseme Mungu amejalia umepata Pell yote na unasoma krediti 12, ni kama $3,697 kwa semista, kule inamezwa yote na bado unadaiwa $5,428, mara nne ni $21,712 ya mkopo kabla riba haijaanza kupumua. Hiyohiyo Pell kwenye chuo cha kwenu inalipa ile $1,756 yote na inabaki kama $1,941 ambayo chuo kinakukabidhi wewe, refandi, kwa ajili ya mafuta, chakula, mtu wa kukukalia na watoto. Yaani msaada uleule, kule unakuachia deni, hapa kwenu unakuwezesha kuacha shifti moja kwa wiki ukasome. Mimi hiyo refandi ndo ilininunulia usingizi, sitanii.

Na hata Pell ikija nusu bado ada ya kwenu inalipika. Alafu Texas wana msaada wao mwingine kwa ajili ya vyuo vya miaka miwili, unaitwa TEOG, nao haurudishwi, unaangalia FAFSA hiyohiyo na unataka usome angalau nusu taimu, hela zake zina kikomo kwa hiyo anayewahi ndo anapata. Omba mapema.

Yule wa "my dear" anayekupigia mchana kazi yake ni kukusajili. Muulize maswali matatu tu na uyaandike majibu: chuo kina ithibati ya nani, programu ya unesi imekubaliwa na Bodi ya Wauguzi ya Texas, na wahitimu wao wanafaulu NCLEX, ule mtihani wa leseni ya unesi, kwa asilimia ngapi mara ya kwanza. Hili la tatu huna haja ya kumwamini yeye, Bodi ya Wauguzi ya Texas wanatoa matokeo ya kila shule mwaka kwa mwaka, fungua tovuti yao ulinganishe na chuo cha kwenu. Wengine wana matokeo mazuri, sisemi vyote vya binafsi ni wezi, mke wa rafiki yake shemeji amepata kazi na hongera zake. Ila kuna vyuo binafsi vilivyokufa, Corinthian Colleges walifunga shule zao zilizobaki Aprili 2015, ITT Tech wakafunga matawi zaidi ya 100 Septemba 2016, watu walikuwa katikati ya kozi, mikopo mikononi, na krediti zao vyuo vingine vingi havikuzitaka. Na wewe kesho ukitaka kuongeza kutoka RN ya miaka miwili kwenda digrii, hizo krediti ndo utakazobeba. Zikikataliwa unalipa upya.

Sasa kile anachoogopa shemeji. Ni kweli, kwenye komyuniti koleji kuingia chuo ni rahisi lakini kuingia programu ya unesi sio rahisi. Unaanza na masomo ya awali, anatomia ya kwanza na ya pili, maikrobaiolojia, Kiingereza cha kuandika, saikolojia, kisha unaomba nafasi kwa pointi, alama zako pamoja na mtihani kama HESI au TEAS, na nafasi ni chache. Watu wanakaa nje semista moja, wengine mbili. Hapo ndo gharama halisi ya chuo rahisi ilipojificha, sio kwenye $98. Kwa hiyo B yako ya anatomia ina thamani kubwa kuliko kuokoa $20 kwa krediti, na mtu anayerundika krediti 12 huku anafanya shifti tano za usiku anapata C, C haimwingizi unesi, anarudia. Na Texas kurudia kuna mtego wake, jimbo halichangii tena ukichukua kozi ileile mara ya tatu, kwa hiyo vyuo vingi vinakupandishia bei hiyo mara ya tatu.

Ndo maana ushauri wangu kwako ni huu, semista ya kwanza chukua krediti saba tu, anatomia ya kwanza ambayo ni nne (Texas kwa kawaida inaitwa BIOL 2401, namba ni ileile kwenye vyuo vingi vya umma vya miaka miwili, ukiona namba nyingine uliza) na Kiingereza tatu. Pell itakuja kwa kipimo hicho, saba kwa kumi na mbili, kama asilimia 58, haipotei, inayobaki unaitumia baadaye. Nayo Pell ina kikomo cha maisha, sawa na semista 12 za kusoma full taimu, usiichezee kwenye kozi zisizo kwenye orodha ya unesi.

Hapo naongea kwa maumivu. Mimi mshauri wa masomo wa chuo changu wa kwanza alinipanga hesabu ya aljebra na kozi moja ya kompyuta, krediti saba, nikasoma kwa bidii nikapata A zote mbili nikajiona msomi. Nilipofika kuomba unesi dada wa dirishani akashusha kalamu kwenye karatasi yangu, akapita juu yake mstari mmoja mrefu, "hizi hatuzihesabu". Alama zimebaki, hela imeenda. Kumbe orodha ya programu ilikuwa imebandikwa mlangoni kwao siku zote na mimi nilikuwa napita hapo kwenda kununua kahawa. Kwa hiyo usipangiwe na mshauri wa jumla peke yake, nenda ofisi ya idara ya unesi yenyewe uchukue orodha ya mwaka huu, uulize pia masomo ya sayansi yanaisha baada ya miaka mingapi, kuna programu nyingi zinakataa anatomia iliyozidi miaka mitano.

Vyeti vyako usiviache sandukuni. Ile stashahada na fomu siksi vipeleke kwa kampuni ya kutathmini vyeti iliyo mwanachama wa NACES, chama cha kampuni hizo, lakini uliza chuo kwanza wanakubali ipi, maana tathmini ni hela na ukifanya kwa wasiyoitaka unafanya mara mbili. Chagua tathmini ya kozi kwa kozi, ile ya jumla inasema tu una elimu gani. Ukiokolewa hata saikolojia na somo moja jingine ni krediti sita, kwa $98 ni $588, na miezi kadhaa ya maisha yako. Na kabla hujasajiliwa utafanyishwa TSI, mtihani wa kupima kusoma, kuandika na hesabu. Usiingie bila kujisomea eti kwa sababu ulikuwa mwalimu, ukianguka wanakuwekea kozi za kurekebisha ambazo unalipia na hazihesabiki kwenye digrii. Wiki mbili za mazoezi ya bure onlaini zinatosha.

Vitabu ile $400 inashuka. Kabla ya kusajili angalia kwenye ratiba, vyuo vya umma vya Texas vinatakiwa kuonyesha kozi zinazotumia vitabu vya bure, na kitabu cha anatomia cha OpenStax, hao ni watu wa Rice University hapo Houston, ni cha bure kabisa kwenye simu yako. Usinunue kitu mpaka mwalimu aseme wiki ya kwanza. Mimi nilinunua kitabu kipya na ile namba ya kufungulia kazi za onlaini, nimeshakwangua ile sehemu ya fedha kwa sarafu, mwalimu akaja akasema yeye haitumii, na ukishakwangua dukani hawapokei.

Kuna vitu vidogo ambavyo havionekani kwenye bei ya chuo chochote: yunifomu, chanjo, uchunguzi wa rekodi za polisi, alama za vidole, na mwisho kabisa NCLEX yenyewe $200. Weka akiba kidogokidogo. Na ukilipa kitu kwa hela yako sio ya Pell, tunza risiti, mkifaili kodi kuna punguzo la masomo linaweza kufika $2,500 kwa mwaka, na $1,000 ya hilo inaweza kurudi hata kama hamdaiwi kodi.

Jambo moja la kuogopa. Ukiona mambo yamekuzidi, mtoto anaumwa, ratiba imebadilika, usipotee tu darasani. Ukijitoa kozi zote kabla ya asilimia 60 ya semista kupita, kama wiki ya kumi hivi, sehemu ya Pell inarudishwa serikalini na chuo kinaweza kukudai wewe pengo lake. Nimeona dada zetu wanadaiwa $900 na chuo ambacho hawakumaliza hata semista. Nenda ofisi ya misaada ya kifedha uongee nao kabla hujasaini karatasi ya kujitoa, wakupigie hesabu mbele yako.

Shemeji mwambie hivi, anatomia unaanza muhula ujao palepale kwenu, kusubiri ni kwa ajili ya nafasi ya programu tu, na ndani ya kusubiri huko unakuwa unasoma masomo ambayo hata kule binafsi ungeyasoma kwa bei mara kadhaa. Kama baada ya mwaka una alama nzuri na bado wamekunyima nafasi mara mbili, omba na vyuo vingine vya umma vya jirani, pamoja na kile cha $140, maana hapo utakuwa unaenda kwa ajili ya nafasi na hesabu ya mafuta inabadilika. Kwa krediti zote 60, tofauti ya $98 na $140 ni $2,520. Hiyo unaweza kuilipa ukishajua unaingia. $21,712 ni kitu kingine.

Kesho ukitoka shifti usiende kulala kwanza. Pitia chuoni, beba mkataba wa nyumba, grinkadi, leseni na zile karatasi za mshahara, ofisi ya usajili wakufanyie ukazi siku hiyohiyo, kisha panda idara ya unesi uchukue orodha. FAFSA ujaze jioni shemeji akiwa hewani, maana huenda akahitaji kufungua akaunti yake na kukubali kwa upande wake, na akiwa barabarani West Texas mtandao hakuna. Simu ya "my dear" unaweza kui-block hata sasa hivi.

Shangazi